Mbwa Aliyetoka Bwawani

Tangu ile homa ya mwaka juzi, Leonie alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote. Kahawa kwake ilikuwa maji ya moto, mkate ulikuwa sifongo. Ndiyo maana mumewe Garth alipotaka familia izunguke mashamba ya mizabibu ya Bonde la Clare likizo ya Pasaka, yeye alijitolea kushika usukani.

"Onjeni nyinyi," alisema. "Kwangu mimi mvinyo na siki ni mtu na ndugu yake."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala kati ya mizabibu, na majani yaliyoanza kuwa mekundu yalielea juu yake kama hayana shina. Kila walipofika, wenzake waliingia kuonja, naye alikaa nje juani akitazama vilima. Vilikuwa vizuri, lakini vya mbali, kama vimewekwa nyuma ya kioo. Hata mtoto wake, Tamsin, alipombusu ilikuwa kama kubusu picha. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Alasiri walifika kwenye nyumba ya mawe yenye bwawa nyuma yake. Mervyn, baba yake Garth, alizungusha bilauri ya mvinyo barazani, akaingiza pua.

"Huu una harufu ya ngozi na tumbaku. Viatu vya babu yangu kabisa."

"Na unameza, baba?" Garth akamuuliza.

Tamsin alikuwa akicheza na mbwa mzee wa pale. Mbwa akajitosa bwawani, akatoka amelowa, akaja moja kwa moja kwa Leonie na kujikung'uta. Gauni lote likatapakaa matope.

Leonie hakusogea. Kisha akapiga magoti, akazamisha uso kwenye shingo ya yule mbwa. Tope. Majani yaliyooza. Kitu kama jibini lililosahaulika.

"Ananuka," alisema, polepole.

"Huyo? Bonde zima linajua," alijibu mama mwenye shamba.

"Sasa mbona unalia, mama?" Tamsin akamuuliza Leonie.

Garth alielewa. Aliweka bilauri yake chini, akaja, akainama na kumpa shingo yake. Leonie alivuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa.

"Wewe bado."

"Miaka yote hii ya ndoa, nashindwa na mbwa."

Leonie alicheka huku machozi yakimtiririka, akamvuta Tamsin na kuweka pua utosini. Mwanzo hakupata kitu. Halafu, kwa mbali, vumbi na jua, na chini yake ile harufu ya siku wakunga walipomlaza kifuani pake, akiwa kichanga, hajafumbua macho. Ikaja, ikapotea, ikarudi. Tamsin alitulia bila kuelewa. Upepo ulipita kwenye mikaratusi, na vilima vikawa karibu sana.

Mervyn alimletea mvinyo. Akaukataa kwa upole. Hakutaka kitu kingine kipite juu ya ile harufu.

"Basi kabadilishe gauni," mzee alimwambia walipokuwa wakiingia garini. "Tutakufa humu ndani."

"Niache nalo, baba."

Mervyn akateremsha kioo. Leonie akakipandisha kwa kitufe cha upande wake, akaendesha taratibu kuelekea bondeni, mtoto amesinzia kiti cha nyuma, gari zima likinuka mbwa.