Udongo wa Karoti

Saa tano na nusu bodaboda ilimshusha Prisca kwenye geti la mazao, amekumbatia ndoo ndogo ya udongo mwekundu. Kule mjini walikuwa wanapokea michoro ya maonyesho mwisho saa kumi. Wake, miteremko ya kijijini kwao kwenye ubao alioufunga mgongoni, ulibakiza sehemu moja, upana wa viganja viwili: shamba la mama yake, lililoporomoka na mvua za mwezi wa nne. Prisca hakuwa na rangi za dukani. Kila mteremko aliupaka kwa udongo wa mteremko huohuo, ameuchekecha kwa kitambaa na kuukoroga na gundi ya seremala. Wa kwingine hakuutaka, hata ufanane vipi.

Ezekiel, mkaguzi wa geti, alifunua ndoo.

"Nini hii?"

"Shikamoo. Udongo wa kuchorea."

"Marahaba. Kibali?"

"Cha udongo?"

"Udongo ni maliasili, binti."

"Mbona lori la mchanga limepita sasa hivi?"

"Lori lina kibali. Wewe andika barua, ipitie kwa mtendaji. Siku saba, akiwepo."

"Mwisho ni leo, bosi. Huu ni wa shamba la mama yangu."

"Basi mama akuandikie kibali!"

Wenzake wakacheka. Ezekiel akaimwaga ndoo mtaroni. Maji yakawa mekundu, kisha yakawa maji tu.

Prisca alikuwa bado ameshika ndoo tupu pale mama yake mdogo, Martina, alipofika na kiroba cha karoti. Ezekiel akachungulia. "Karoti? Pita." Martina akaelekea kijitoni, mbele kidogo ya geti, wanakooshea karoti wote kabla ya kuingia mjini.

Prisca akamkimbilia. "Mama mdogo, usizioshe! Umezing'oa wapi?"

"Kwenu hukohuko, kile kipande kilichobaki. We mtoto una nini? Nani atanunua matope?"

Alipoelezwa, Martina alisonya, akatandika kanga. Wakakaa kukwangua karoti mojamoja kwa kucha.

"Nyie! Mnafanya nini hapo?" Ezekiel alipaza sauti.

"Tunasafisha karoti, bosi."

"Haya, msichafue barabara."

Saa kumi kasoro dakika tano karani wa ukumbi aliupokea ubao. Akauinamia, akagusa sehemu iliyobaki wazi, upana wa kiganja kimoja.

"Hapa hujamaliza, dada."

"Nimemaliza," Prisca alisema. "Hapo pako mtaroni, kule getini."