Kikohozi cha Saa Kumi na Mbili

Kikohozi cha bibi kilikuwa na saa zake za kazi. Kilianza saa kumi na mbili jioni geti lilipolia na mkwewe, fundi cherehani, akaingia kutoka dukani. Saa mbili, watu wakishamaliza kula, kilifungwa. Asubuhi hakikuwepo kabisa, na mchana bibi aliimba.

Miezi kumi nyuma kilikuwa kikohozi cha kweli. Bibi alitoka nacho kwa mwanawe wa kiume, alikokuwa akipikia kuni kwenye chumba kisicho na dirisha. Mwanawe alimwambia aende kwa dada mtu, karibu na hospitali, na kifua kikipona arudi nyumbani. Bibi akakubali. Siku hizo alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kushika mlango.

Kumbe kwa binti yake kulikuwa kunajengwa mtambo wa gesi ya samadi. Ng'ombe wawili, shimo lililojengewa nyuma ya banda, bomba mpaka jikoni, basi. Ulipoanza kufanya kazi, magunia ya mkaa yakatoweka, sufuria zikawa nyeupe mpaka matakoni, na kabla ya mwezi wa tatu wa gesi kwisha bibi alikuwa anapumua kama msichana. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Hakutaka kurudi. Kwa mwanawe alishinda peke yake na kuku, nao hawakuwa na la maana la kusema. Hapa alikuwa na binti wa kuchambua naye mboga, na mboga zikiisha waliwachambua majirani. Lakini aliona haya kukaa kwa mkwe bila sababu, na sababu pekee aliyokuja nayo ilikuwa kile kifua. Akaamua kukitunza. Binti yake alijua yote, na jioni bibi aliposahau kukohoa, alikanyagwa mguu chini ya meza.

Mambo yalikwenda sawa mpaka alipokuja mtafiti.

Alikuwa dada mmoja mpole, viatu vimejaa tope, aliyetumwa kupima faida za ile mitambo nyumba kwa nyumba. Aliomba baba mwenye nyumba awepo, kwa hiyo fundi cherehani alirudi saa nane mchana, futi yake bado shingoni. Bibi alikatishwa katikati ya wimbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi alisema, akakumbuka kukohoa.

Fomu ilikuwa na sehemu tatu: uchumi, jamii na afya. Uchumi ulikwisha haraka. Mkaa? Hawanunui. Mbolea? Mabaki ya mtamboni yanakwenda bustanini, na kabichi zimekuwa kubwa mpaka zinatia aibu. Kwenye jamii mtafiti alikuna kichwa na kalamu.

"Hii huwa inasumbua watu. Tutairudia. Sasa afya. Bibi, unakikumbuka hiki?"

Akatoa kibomba cha plastiki chenye mshale na namba ubavuni. Bibi alikikumbuka vizuri. Alikipuliza wiki ile aliyofika, mtafiti alipopita mara ya kwanza kabla mtambo haujawashwa, mshale ukasimama kwenye mia na hamsini.

Alimtazama mkwewe, akavuta pumzi ya kuibia, akapuliza kama anayepoza chai ya mgonjwa. Mshale ulifika tisini. Bibi akaegemea ukuta kwa uchovu mkubwa, akiona kwamba ameifanya kazi vizuri.

Mtafiti alisoma namba mara mbili. Uso wake ulibadilika.

"Umeshuka. Ulipofika ulikuwa unavuta moshi, na bado ulipuliza zaidi ya hivi. Basi gesi inavuja humu ndani, inawadhuru. Itabidi koki ifungwe leo leo mpaka mafundi waje kuukagua mtambo."

"Watakuja lini?" binti aliuliza.

"Kwa foleni iliyopo, labda mwezi wa sita. Mtarudia mkaa kwa muda."

Binti alimtazama mama yake, na safari hii hakumkanyaga mguu. Alikuwa tayari anayaona akilini macho yake mwenyewe ya zamani, yale mekundu ya moshi, yakirudi. Bibi aliyaona pia. Roho ilimuuma.

"Lete hicho," alisema.

Alikinyakua kibomba, akasimama wima, akapuliza. Mshale ulipita mia na hamsini, ukapita mia mbili, ukagota mia tatu na ishirini. Paka alitoka jikoni.

Bibi aliiona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Nimepona, baba," alimwambia mkwewe bila kumtazama. "Tangu mwezi wa tatu wa gesi. Mtambo hauna kosa. Kesho nitafungasha."

Fundi cherehani alivua futi shingoni, akaanza kuikunja taratibu.

"Ufungashe uende wapi, mama? Na mimi jana nimemwambia shemeji huwezi hata kushuka kitandani."

"Ulijua?"

"Mtu mwenye kifua kibovu hagombani na ng'ombe mpaka akasikika dukani kwangu."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikunja futi mpaka ikaisha.

"Zamani nikirudi nilimkuta mke wangu kanuna, yuko peke yake na moshi wake. Siku hizi nikikaribia geti nasikia watu wanacheka. Nikiligusa tu, mnanyamaza, unaanza kukohoa. Kwa hiyo huwa nasimama nje kidogo, nasikiliza kwanza."

Machozi yalimlenga bibi, na moshi wa kusingizia haukuwepo.

Simu ya fundi ikalia. Aliitazama, akamnyooshea bibi. "Shemeji."

Bibi aliipokea, akakohoa mara tatu, kikohozi kizuri cha saa kumi na mbili, jua likiwa bado kali.

"Mwanangu, hivyo hivyo tu. Wewe jenga kwanza mtambo kama wa dada yako, moshi uishe, ndiyo nitakuja kukutembelea."

Mtafiti alirudi kwenye ukurasa wa jamii, akaanza kuandika. Bibi alipokata simu, binti yake ndiye aliyecheka kwanza, kisha bibi mwenyewe, na safari hii fundi cherehani alikuwa ndani ya geti.