Chumba cha Wasiotembea

Chai ilikuwa haijachemka, na Jemadari alikuwa ameshaanguka mara nne bila kulia hata mara moja. Alianguka kwa makalio, akatazama huku na huku akimtafuta aliyemsukuma, kisha akashika ukingo wa kitanda na kusimama tena. Mama yake alipomnyooshea mkono kumsaidia, aliupiga ule mkono. Alikuwa na miezi kumi na mmoja na meno sita, na hakutaka msaada wa mtu.

Jina hilo alipewa na baba yake, fundi wa lipu, wiki ile alipozaliwa, kwa jinsi alivyokataa titi la kushoto mpaka apewe la kulia. Ukoo wa baba walisema ukaidi ule umetoka kwa mama. Ukoo wa mama walisema kwao hakuna kitu kama hicho, labda waulizane wenyewe.

Asubuhi hiyo fundi alichuchumaa kando ya mtungi wa maji, viatu vya kazi vikiwa mguuni tayari, akamfungulia binti yake mikono. Kutoka kitandani hadi pale ni hatua tatu za mtoto. Jemadari akaachia kitanda. Akapiga ya kwanza, akayumba, akapiga ya pili na ya tatu, akaukumbatia mtungi badala ya baba. Fundi alicheka, akapiga makofi mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Usimpigie makofi," mama alisema.

"Mwanangu anatembea, nisimpigie makofi?"

"Usimpigie. Atazoea."

Mtu asiyejua angesema mama huyu ana roho mbaya. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha suruali. Mstari wake ulishona mshono wa ndani wa miguu, tangu kwenye msamba hadi kwenye pindo, suruali baada ya suruali, na aliyeshona chini ya mia tatu kwa siku aliitwa ofisini kujieleza. Nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya meza za pasi za mvuke, palikuwa na chumba cha watoto: mkeka mmoja, dirisha moja, watoto kumi na wawili na bibi mmoja wa kuwatazama. Kwenye lango kuu kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo kilichosema kiwanda hiki ni rafiki wa mama mzazi. Wageni walipigwa picha chini yake. Lakini mlangoni mwa chumba chenyewe karatasi ilisema hivi: mtoto atapokelewa hadi siku atakapoanza kutembea. Eti mtoto anayetembea anahitaji uzio, anahitaji mlezi wa pili, anahitaji mahali pa kutembelea. Asiyetembea anahitaji mkeka tu. Basi kiwanda kikamchagua asiyetembea, kikajiita rafiki.

Na asipopokelewa, aende wapi? Bibi mzaa baba yuko mbali, na miguu yake mwenyewe haimfikishi uani. Bibi mzaa mama alishafariki. Fundi hawezi kupanda jukwaa la ujenzi na mtoto mgongoni. Mume na mke walishalizungumza hilo mpaka wakachoka, na kila mara walifika palepale: Jemadari akitoka kwenye kile chumba, mama anatoka kwenye kazi.

Wanawake wa kiwandani walifanya wanachofanya watu wote waliobanwa, walitafuta ujanja. Mafundi wa suruali hao, tena wazuri. Walishona suruali ya mtoto iliyounganishwa miguu, kuanzia magotini kwenda chini, mshono mara mbili, kwa mabaki ya kitambaa. Mtoto akiwa ameketi huoni kitu. Akisimama na kutaka kupiga hatua, anaangukia uso. Akiangukia uso siku tatu nne, anaacha kujaribu. Aliyeibuni suruali hiyo hajulikani, kila mmoja alisema alifundishwa na aliyemtangulia. Mama Jemadari aliapa kwamba yeye kamwe hataishona. Aliishona Jumapili.

"Unamfunga mwanangu kama kuku wa sokoni," fundi alisema alipoiona.

"Nimfungue, halafu leo umpandishe wewe jukwaani?"

Fundi alichukua mwiko wake wa lipu akatoka bila kunywa chai. Mama akabaki na mtoto na ile suruali. Jemadari alirusha miguu, akajikunja, akauma kifundo cha mkono wa mama kwa meno yote sita. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama huyu hakuchelea, alimliza mwana, na bado alilia naye.

Kiwandani, bibi wa chumba alimpokea mtoto, akaipapasa ile suruali magotini, akamketisha mkekani. Aliyajua yote. Watoto wakiisha naye hana kazi, kwa hiyo alikuwa amejifunza kutoona. Lakini alimvuta mama kando akamnong'oneza kwamba afisa ustawi wa kiwanda hasubiri tena wiki ijayo kuwapima watoto, anapima leo.

Kupima kulikuwa hivi. Mtoto anasimamishwa ukutani, mama anawekwa upande wa pili wa mkeka, anaambiwa amwite. Mtoto akija kwa magoti anabaki, akija kwa miguu anaondoka. Yaani mama mzazi ndiye anayefanywa chambo cha mwanawe. Kwa hiyo wanawake walijifunza kuita kwa mdomo na kufukuza kwa macho. Njoo, baba, njoo, huku uso umekunjwa kwa hasira. Walijizoesha nyumbani mbele ya kioo. Watoto wengi walipouona uso ule waliketi chini wakalia, afisa akaweka alama ya vema, na mama akarudi kwenye cherehani akiwa na mwezi mmoja zaidi.

Mama Jemadari alijua shida yake iko wapi. Mwanawe haogopi uso. Ukimnyima kijiko, kijiko ndicho anachokitaka. Wiki iliyopita alimkunjia uso nyumbani kwa majaribio, na Jemadari akamkunjia wa kwake.

Saa nne waliitwa. Waliziacha cherehani zao, lakini ile mia tatu haikuwangoja. Afisa ustawi alikuwa kijana nadhifu, mwenye ubao wa kuandikia na sauti ya upole. Hakuwahi kumfokea mtu, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana mtu anayekufokea unaweza angalau kumchukia kwa raha.

"Mama zangu," alisema, "leo tutawavua hizo suruali. Sitaki kujua nani alizianzisha. Tuwavue tu."

Hakuna aliyeuliza suruali gani. Kumi na wawili waliinama, wakawavua watoto wao. Magotini mwa Jemadari mshono ulikuwa umeacha mstari mwekundu. Alibaki na nepi na fulana, akajaribu miguu yake, mmoja halafu mwingine, akapiga kishindo sakafuni. Kwa bahati mbaya alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Bibi akamsimamisha ukutani. Mama akaenda upande wa pili.

"Mwite," afisa alisema.

"Njoo," mama aliita. Uso wake ulikuwa mgumu. "Njoo, mama." Macho yake yalisema thubutu.

Jemadari akamtazama kwa makini. Aliona pale kuna jambo anakatazwa. Akaachia ukuta.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya pembeni, nusura imwangushe. Ya pili ilinyooka. Mama hakunyoosha mikono, akiomba moyoni mtoto aanguke, na huku akiogopa ataanguka. Ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano alijitupa, akaidaka sketi ya mama kwa mikono miwili, akainua kichwa kungoja makofi. Hakuna aliyempigia. Mama alijitahidi kuushikilia ule uso, lakini hatua tano alikuwa hajawahi kuziona. Akatabasamu, tena kwa meno yote, mbele ya afisa.

"Hongera," afisa alisema huku akiandika, na alimaanisha. "Itabidi umtoe leo hii, kuna mwingine anasubiri nafasi."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yako ipo. Hatujamfukuza mtu. Ni mtoto tu amevuka kiwango."

Mama akamsogeza mwanawe kando. Aliyefuata alikuwa mtoto wa shoga yake wa mstari wa kupachika mifuko, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Mifuko. Mtoto huyo alikuwa wa kiume, mpole, wa miezi ishirini. Suruali ya kuunganishwa alikuwa ameivaa kwa miezi tisa. Sasa miguu yake ilikuwa wazi, nayo ilikuwa myembamba kuliko mikono ya Jemadari. Bibi alimsimamisha ukutani, mtoto akateleza taratibu mpaka chini.

Mama Mifuko aliita. Hakukunja uso, kwa kuwa siku hizi hakuwa na haja. Mtoto akamtazama, akatia kidole mdomoni. Mama Mifuko akaita tena, akachuchumaa, akanyoosha mikono, na sauti yake ikabadilika, na kila mwanamke mle ndani akajua kwamba sasa anaita kwelikweli. Alisahau afisa, alisahau chumba. Alikuwa akimwomba mwanawe asimame. Mtoto alibaki palepale alipowekwa.

Afisa akaweka alama ya vema. "Huyu hana tatizo," alisema.

"Hana tatizo?" Mama Jemadari aliuliza.

"Mama, tusicheleweshane."

"Mtoto wa miezi ishirini hawezi hata kujishikiza ukutani, na wewe unasema hana tatizo. Wangu anatembea, ndiye mwenye tatizo."

"Mimi napima kama anatembea. Hilo ndilo nililotumwa."

Mama Mifuko alimvuta mkono. "Nyamaza, shoga yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Utaniharibia." Alikuwa ameshamvika mwanawe ile suruali tena, haraka haraka, bila hata kuambiwa, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Jemadari, na haikuwa ya shoga yake. Walikuwa wameyafanya haya kwa mikono yao wenyewe. Kiwanda hakikumfunga mtoto hata mmoja. Kiliandika tu mstari mmoja kwenye karatasi, kikakaa pembeni, kikawaachia akina mama wakate kitambaa, watunge uzi, washone miguu ya watoto wao mara mbili ili isifumuke. Na yeye alikuwa mmoja wao. Ingepita miezi michache tu, naye angekuwa amechuchumaa pale, akiita.

"Mbebe umtoe," afisa alisema. "Wenzako wanangoja."

"Simbebi."

"Unasemaje?"

"Karatasi yenu inasema anatembea. Basi atatembea."

Akafungua mlango wa chumba. Jemadari hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kutoka pale hadi mlango mkuu ni mwendo wa dakika moja kwa mtu mzima, kupitia kando ya meza za pasi, halafu katikati ya mistari ya cherehani, kwenye njia ya kupitishia matoroli. Jemadari aliingia njiani miguu wazi, mikono juu. Alitembea hatua tatu akaanguka. Akainuka. Mama alimnyooshea kidole kimoja, akakisukuma. Toroli la suruali zilizopigwa pasi lilitokea nyuma yao, likabidi lisimame, na nyuma yake likasimama la pili.

Cherehani za jirani zilianza kunyamaza, moja moja. Si zote. Wengine waliendelea kushona huku wakitazama kwa pembeni, maana mia tatu ni mia tatu, na hakuna wa kuwalaumu. Mwanamke mmoja wa mstari wa vifungo aliinua miguu yake juu ya kiti ili mtoto asije akajikwaa. Mwingine akauliza ni wa nani huyo, akajibiwa, akasema kumbe anatembea.

Afisa alikuja nyuma yao akisema mama, tafadhali, mama, unazuia kazi. Msimamizi wa mstari naye alikuja, akiangalia saa. Mwishowe afisa aliinama ili ambebe mtoto mwenyewe. Jemadari alijinyoosha akawa mgumu kama ubao, akapiga yowe lililofika hadi kwenye meza za kukatia, akaupiga ule ubao wa kuandikia kwa teke, karatasi zikamwagika chini ya cherehani. Afisa alimweka chini upesi. Alianza kuokota karatasi zake, na hakuna aliyemsaidia.

Mama alitembea hatua moja, akangoja, akatembea nyingine. Alijua keshokutwa kiti chake kitakuwa na mtu mwingine, na alijua jioni atamweleza nini mumewe na mumewe atakaa kimya namna gani. Alijua pia kwamba Mama Mifuko hatamsemesha tena. Lakini mwendo ule hakuuharakisha.

Walipofika mlango mkuu, jua lilikuwa limeingia mpaka ndani. Mlinzi alishafungua na kusimama kando. Jemadari alifika kwenye kizingiti, akashika mwimo wa mlango, akatazama nje, akafikiri. Hakupapenda. Akageuka, akaachia mwimo, na kuanza kurudi ndani, kuelekea kwenye mistari, kwenye matoroli, kwa afisa aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Mama, mtoe," afisa alisema, na sasa upole ulikuwa umemwisha.

"Mwambie mwenyewe," mama alijibu, akajibana kwenye mlango ili mwanawe apite, kisha akamfuata.