Nishani ya Mzee Shaaban

Mwalimu Valence alifika Babati mwaka ule ule Manyara ilipomegwa kutoka Arusha ikawa mkoa, na kama wageni wengi waliozifuata ofisi mpya, alitaka ajulikane mapema. Alikuwa kijana wa Bukoba, anafundisha historia katika sekondari moja upande wa Bagara, na kazi ya kufundisha alikuwa anaiweza kweli. Kwa hiyo aliposikia kwamba mkaguzi wa shule angekaa darasani kwake Jumatano, kidato cha kwanza wakiwa kwenye mada ya vyanzo vya historia, hakutaka akutwe anasoma notisi ubaoni. Aliwaambia wanafunzi wamletee mzee mwenye habari za zamani, aje na kitu cha kuzishuhudia.

Mwanafunzi mmoja aitwaye Basil alisema bibi wa mwenzao Najma ana nishani ya vita. Najma mwenyewe, binti mpole wa Maisaka, hakuwa amenyoosha mkono. Alisema bibi anasumbuliwa na miguu. Valence akajibu kwamba angelipia baiskeli ya kumleta mpaka mlangoni, na Najma akainamia daftari lake.

Bibi Tunu alikuja amejitanda kanga mpya, nishani ameifunga kwenye leso. Darasa zima lilisimama likamwamkia, akaketishwa mbele karibu na mkaguzi. Somo siku hiyo liliendeshwa kwa Kiswahili kwa ajili yake. Alieleza jinsi marehemu mumewe, Shaaban, alivyochukuliwa vitani angali kijana, akapelekwa Burma kwa meli, akapigana kwenye mvua na matope, na Wazungu wakamvisha nishani ile kwa ushujaa. Alisimulia bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuisema habari hiyo mara nyingi na hajawahi kuichoka.  Mkaguzi mwenyewe alikuwa ameacha kuandika.

Valence angeshukuru hapo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini aliona nafasi ya kwenda mbele zaidi. Alilieleza darasa kwamba masimulizi ni chanzo kizuri, ila hayasimami peke yake, kwa kuwa mtu husahau na mtu huongeza chumvi. Mwanahistoria huyapima kwa maandishi na kwa vitu vilivyobaki. Akamwomba bibi nishani. Ilikuwa imesuguliwa miaka mingi hata herufi zimefifia, basi akaipaka vumbi la chaki, akalifuta kwa kidole, na maneno ya Kiingereza yakajitokeza meupe.

Aliyasoma kimya kwanza. Alikuwa na muda wa kunyamaza, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Angeweza kusema hayasomeki. Lakini mkaguzi alikuwa ameinama mbele akisubiri, na Valence akasikia sauti yake mwenyewe ikitafsiri, tena kwa furaha:

"Maonyesho ya Kilimo, Arusha. Fahali bora. Zawadi ya pili."

Darasa liliangua kicheko. Mkaguzi alijiziba mdomo kwa mkono. Bibi Tunu alitazama huku na huku akitafuta kilichochekesha, kisha akamtazama mjukuu wake. Najma alikuwa amekodolea macho dawati.

"Fahali gani?" bibi aliuliza.

Polepole jibu likamfikia lenyewe. Alinyoosha mkono, akapokea nishani, akafuta chaki kwa pembe ya kanga. Akasema ahsante mwalimu, akatoka. Mbele ya mkuu wa shule, mkaguzi alisema hajaona somo zuri kama lile tangu aanze kazi mkoani.

Kabla wiki haijaisha, Najma alikuwa anaitwa mjukuu wa fahali. Valence aliwapa wawili kati ya waliomwita hivyo adhabu ya kufyeka majani nyuma ya vyoo, na jina likazidi kuenea, likafika mpaka kidato cha tatu.

Jumamosi alinunua sukari, akaenda Maisaka kuomba radhi. Najma alimfungulia, akamwamkia bila kumtazama usoni, akaenda kupika chai. Bibi Tunu alimkaribisha kiti kizuri. Valence alisema alichokuja kusema: kwamba alikosa adabu, kwamba alimwalika mgeni halafu akamdhalilisha mbele ya watoto. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisoma vibaya?" akamuuliza.

"Hapana, bibi. Nilisoma vizuri."

"Basi hukusema uongo." Akaelekeza kidole jikoni. "Na huyu mtoto naye anakijua Kiingereza. Nimemuuliza, ameniambia alishaisoma siku nyingi. Akaniacha niendelee kuamini. Wewe ni mwalimu wake, hukuona kwamba hataki nije?"

Valence alikumbuka kwamba aliona. Aliona kabisa, akadhani ni aibu ya kitoto.

"Mume wangu alikuwa anashtuka usingizini," bibi akaendelea, "mpaka mwaka aliokufa. Anamwita mtu anaitwa Paskasi. Paskasi, lala chini. Paskasi, lala chini. Akiamka ananiambia nimeota tu, mama Muzamil, lala. Sijui hiyo nishani aliitoa wapi. Alichunga ng'ombe wa mzungu kule Arusha, labda alipewa, labda aliiokota. Labda alitaka tu awe na kitu cha kuonyesha. Lakini huyo Paskasi, mwalimu, unampima kwa kitu gani?"

 Chai ililetwa, Valence akainywa ikiwa moto ili aondoke upesi, ikamuunguza ulimi. Bibi alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu ile ile aliyompokea nayo, na afadhali angemfukuza.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. Alisema siku ile alikosea. Nishani ilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba nishani ni ya fahali. Haikuthibitisha kwamba Mzee Shaaban hakwenda vitani. Yeye mwalimu aliruka kutoka hapa mpaka pale, akamfanyia mama wa watu jeuri kwa jina la elimu. Alisema yote hayo akiwa amesimama wima, na moyoni alitumaini kwamba litatokea jambo fulani, labda mtu alie, labda Najma ainue uso.

 Kisha Basil akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo kwenye mtihani tuandikeje?"

Hakuwa anafanya mzaha. Wote walikuwa wameshika kalamu wakisubiri, na Najma naye alikuwa ameshika yake. Valence akawaambia wafungue ukurasa wa udhaifu wa masimulizi ya mdomo, akageukia ubao, akaanza kuandika, na alishukuru kwamba kazi hiyo mtu huifanya akiwa amewapa watu mgongo.