Bega la Nyuma

Soko huria lilipokolea, Zabron alilima kabichi kubwa hata moja ikamficha mbuzi siku mbili, na mwenye mbuzi yupo, aulizwe. Akanunua pikapu. Tangu hapo hakuitikia tena pembe.

Kwao huko milimani, juu ya Mgwashi, pembe ikipulizwa mchana ujue kuna mgonjwa wa kushushwa hospitali. Kila mwanamume huacha jembe akaenda kutoa bega kwenye machela. Miiko yake ni miwili tu: wa mbele hageuki nyuma, maana akigeuka atammwaga mgonjwa, na machela haiwekwi chini kabla ya kufika.

Masika yaliyopita pembe ililia kwa ajili ya Mzee Hafidhi, mchuma chai aliyetoka Kigoma enzi za mkoloni akabaki bila ndugu. Kifua kilikuwa kimembana. Waliokuja walikuwa vikongwe wawili. Walipomsimamisha Zabron barabarani, akasema pikapu imejaa kabichi, na kabichi hazingoji. Mzee akajikongoja kwa miguu, akikohoa njia nzima, akafia kwenye kona ya tatu.

Sasa ni Klara, mke wa Zabron. Uchungu siku ya pili, mtoto hatoki, na pikapu imezama matopeni hadi milangoni. Zabron akapuliza pembe mpaka midomo ikavimba. Hakuja mtu. Akaenda kwa jirani yake Severin, akamkuta dukani anasikiliza kaseti.

"Mghoshi, ndugu yangu, nisaidie bega moja tu."

Severin hakupunguza hata sauti ya redio. "Duka limejaa wateja," akasema, na humo dukani hapakuwa na hata nzi. "Wateja hawangoji."

Zabron akarudi, akamfunga mkewe kwenye machela, akaingia mbele kati ya miti miwili, liwalo na liwe, hata kwa kuburuta. Ukungu ulikuwa mzito wa kukata kwa panga. Alipoinua, na nyuma kukainuka. Kumbe Severin naye ana moyo, akawaza, akashika njia.

Kona ya kwanza akasikia hatua zake mwenyewe tu. Ya pili akauliza kama wapunguze mwendo, machela ikamsukuma mbele. Ya tatu, mtu akakohoa.

Zabron alikijua kikohozi kile. Miti ikayumba, Klara akaguna. Kisha akamsikia mkewe akisema kwa adabu, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jikaze, tunakaribia."

Akatamani kutupa miti akimbie. Pumzi ya baridi, yenye harufu ya majani mabichi ya chai, ikamgusa kisogoni.

"Tembea, Zabron. Mgonjwa hana kosa."

Akatembea, machozi yakimtiririka, shingo ameikaza kama kigogo.

Hospitalini, muuguzi Secilia alitoka mbio kuwapokea, mara akasimama. Miti kwa nyuma ilikuwa hewani, imelala sawasawa juu ya mabega yasiyokuwepo. Ikashuka polepole, mgonjwa asishtuke.

Klara akaingizwa ndani. Zabron ndipo akageuka, akaona ukungu mtupu. Akaomba msamaha, mara mbili, tatu. Kikohozi kilikuwa kimeshaanza kupanda mlima, kimoja, kizito, kikisimama kila hatua chache kuvuta pumzi.

Saa tisa alasiri mtoto akalia, wa kiume, mzima. Secilia alipotoka kumwita baba yake, uani hapakuwa na Zabron wala machela; nyayo zake zilirudi mlimani, kikohozi kilikokwenda.