Mwiko wa Daktari Laurian

Jioni ile Dorika alisonga ugali wa uwele, akauipua, akaufunika kwa bakuli, kisha akatoka nje kumvuta mumewe ashuke ale. Upepo wa Mungaa ulikuwa umetulia kidogo, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa. Alikikanyaga kigingi kisichomoke, akaanza kukusanya kamba ya katani mkononi, na Isaka akashuka taratibu kutoka juu ya shamba la alizeti, miguu kwanza, kofia ameishika.

"Umeona nini leo?" Dorika alimwuliza.

"Punda wa Calist wameingia kwenye mtama wa watu. Nimepiga kelele, hakuna aliyetazama juu."

Dorika alimkalisha kwenye kigoda, akampakatisha jiwe la kusagia ili asiinuke katikati ya chakula. Akamwekea ugali na mlenda. Mlenda haukuwa na karanga, haukuwa na maziwa, haukuwa na chumvi. Isaka alimega tonge chache, akasema ameshiba, akanawa. Jiwe likaondolewa, naye akarudi juu.

Alianza kupungua tangu masika. Kwanza suruali ilimkimbia kiunoni, kisha pete ikamvuka kidoleni ikaanguka kwenye pumba za kuku. Kisha siku moja ya upepo, akitoka chooni, akanyanyuka, akapita juu ya paa la jiko na kunaswa kwenye mgunga wa jirani. Dorika alimtoa kwa ngazi. Tangu hapo alimfunga kwa kamba ya mbuzi, maana mbuzi mwenyewe alishakwenda kwa nauli ya hospitali.

Watu wa Mungaa hawakulifanya jambo kubwa. Upepo wa Singida wanaujua, na mtu asiyekula huwa mwepesi. Hilo halitaki shule. Mwenyekiti wa kitongoji, Calist, alikuja akasimama chini ya kamba, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Isaka akajibu kutoka juu.

"Pole na hali. Sasa mzee, kwa kuwa uko hukohuko, utusaidie kufukuza ndege kwenye uwele wa bondeni."

"Na punda wako nani atawafukuza?"

Calist akavaa kofia yake. Vijana nao walimpelekea Isaka simu zao awatafutie mtandao. Kulikuwa na wajuaji waliosema kwamba mtu mwenye maji tumboni hawezi kuruka. Maji yalikuwepo kweli, tumbo limetuna kama kibuyu cha togwa. Hayakutosha, basi. Mikono na mapaja yalikuwa vijiti.

Chanzo cha yote kilikuwa neno moja.

Wakati wa masika Isaka alipogeuka macho ya njano, Dorika alimpeleka hospitali mjini. Daktari Laurian alimpima, akasema ini limeota makovu, ni homa ya ini iliyokaa miaka mingi bila kujulikana. Kabla ya hapo alikuwa amemwuliza Isaka kama anakunywa gongo. Isaka, mzee wa kanisa asiyewahi kuonja hata togwa iliyolala, akasema hapana. Akaulizwa tena, akasema hapana tena. Daktari akatikisa kichwa kama mtu anayesamehe uongo. Kisha, akitafuta chaja ya simu chini ya meza, akasema, "Chumvi apunguze. Nyama, mayai, maziwa, maharage, hivyo ni mwiko. Mwingine aingie."

Kwa daktari, aliyekulia mbali kwenye taa za barabarani, mwiko lilikuwa neno la kukolezea sentensi, kama mtu asemavyo "yaani". Dorika hakulisikia hivyo. Ukoo wa Isaka una mwiko wa pundamilia tangu mababu, na aliyeuvunja meno yake yaling'oka kama punje za mahindi. Mwiko hauna nusu. Hauna kidogokidogo. Na mwiko wa baba ni mwiko wa nyumba nzima. Aliporudi aliosha vyungu vyote kwa majivu, akawaita watoto na wajukuu, akawatangazia. Siku ileile nyumba ikaacha mayai, maziwa, nyama na maharage.

Kuku waliendelea kutaga, kwa kuwa wao hawakuambiwa. Benson, mnunuzi wa kuku, alikuja na pikipiki yake yenye matenga, akayabeba mayai yote akayapakie basi la Dar es Salaam.

"Mwiko wenu Mungu aubariki, Mama Witness," alisema akikaza mipira. "Ningepata kaya nyingine kama hii ningekuwa nimeezeka."

"Chukua mayai yako uende. Usitutambie kwetu."

Kabla hajaanza kuruka, Isaka aliwahi kuomba. Alikuwa amelala ubavu, akimtazama kuku akitoka kwenye kiota.

"Nusu yai tu, Mama Witness."

"Unataka nikuue kwa mkono wangu?" Dorika alimjibu.

Hakuomba tena.

Alizeti zilipoanza kuinamisha vichwa, akarudi Eliana, dada yake Isaka, kutoka Dar es Salaam alikokuwa akipigwa mionzi ya koo. Yeye aliolewa zamani upande wa Manyoni, akafiwa na mume, sasa alikuja kuuguzwa kwa kaka yake. Mionzi ilikuwa imekausha uvimbe, lakini ilimwachia kinywa ambacho kilikuwa kidonda kimoja. Ulimi umebabuka, mashavu yamechubuka kwa ndani, hata kumeza mate ilikuwa adhabu. Kusema hakuweza. Alishuka kwenye bodaboda, akatazama juu, akamwona kaka yake, akainua mkono. Isaka naye akainua wake. Dorika akabeba begi.

Eliana alijitibu kama alivyofundishwa wodini. Alisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akatema, baadaye tena, kutwa nzima. Mswaki laini. Pilipili hapana, limau hapana, kitu cha moto hapana. Dorika alimtengea bakuli la chumvi upande wa pili wa jiko, mbali na chungu cha Isaka, kwa sababu katika nyumba ile chumvi ilikuwa dawa ya mmoja na sumu ya mwingine.

Asubuhi yake ya kwanza Eliana aliingia kwenye banda la kuku, akatoka na yai. Akamfuata Dorika, akaliinua yai usoni pake, kisha akanyoosha kidole juu.

"Ndiyo wifi, Mungu ni mwema," Dorika alisema. "Wewe ni wa nyumba nyingine, mwiko wetu haukuhusu. Nakupikia."

Eliana akatikisa kichwa. Akaonyesha juu tena, kwa nguvu.

"Nimekusikia, tumshukuru. Kaa."

Dorika akalipiga yai, akalitia kwenye uji mwepesi unaochemka, akaukoroga mpaka likaiva, akaupoza, akampa. Eliana akaunywa huku machozi yakimtoka, mengine ya vidonda na mengine ya hasira. Kesho yake ikawa vilevile: yai, kidole juu, "Mungu ni mwema", uji. Siku moja aliivuta kamba mwenyewe, akamshusha kaka yake na kumsogezea kikombe mdomoni. Isaka aligeuza uso.

"Dada, umetoka Dar kuja kunimaliza?"

Angeweza kuandika, lakini enzi zake shule walipelekwa wavulana.

Basi Eliana alikunywa mayai ya kaka yake. Alikunywa na maziwa aliyoletewa na majirani, na kila alipomaliza alisukutua, akatema, akakaa mlangoni akiitazama ile kamba. Uji ulimpa nguvu, vidonda vikafunga kimoja baada ya kingine, kwanza mashavuni, mwisho chini ya ulimi. Alikuwa na muda wa kutosha kuchagua neno la kwanza.

Siku alipoweza, Dorika alikuwa akipepeta uwele.

"Yai lilikuwa la Isaka," Eliana alisema.

Sauti ilikuwa kama mlango mkavu. Dorika akaweka ungo chini.

"Yai gani?"

"Yote, wifi. Kila siku nakuonyesha umpe yule aliye juu, wewe unanihubiria. Kule wodi ya jirani walilala wagonjwa wa ini. Wanapewa mayai. Wanapewa samaki na maharage. Na mtu halali bila kupewa tena uji wa maziwa, maana ini bovu halina akiba. Usiku ukiwa mrefu, mwili unakula nyama yake wenyewe."

"Daktari alisema mwiko."

"Huyo daktari ni wa ukoo gani, mpaka atupe sisi mwiko?"

Dorika alisema neno moja la Kinyaturu ambalo halifai kuandikwa. Kisha akaivuta kamba kwa haraka mpaka mumewe akagonga paa la jiko, akamkalisha, akampakatisha jiwe, akamweleza. Isaka alisikiliza mpaka mwisho. Lakini mwiko ni mwiko, alisema. Haufutwi na mgonjwa wala na mkewe wala na dada mtu. Huuondoa aliyeuweka.

Alfajiri Dorika alimkabidhi wifi yake kamba, akafunga mwiko wake wa kusongea ndani ya kanga, akapanda gari la mjini. Mwiko wenyewe ulikuwa wa mninga, mweusi kwa moshi, aliurithi kwa mama mkwe.

Mlinzi wa getini aliupapasa mzigo. "Mama, hii silaha."

"Mwiko."

"Mwiko kuingia nao humu."

"Mmoja wenu alinipa wake nikaenda nao nyumbani," Dorika alisema. "Wacha na mimi niingie na wangu."

Mlinzi akampisha. Alikaa kwenye benchi mpaka jua likageuka. Alipoitwa, hakukaa kwenye kiti. Aliuweka mwiko mezani, juu ya makaratasi ya daktari.

"Huu ndio mwiko ninaoujua mimi. Unalisha watu. Wako umemtoa mume wangu ardhini, yuko angani kwa kamba ya mbuzi."

Daktari Laurian aliutazama mwiko, akatazama saa. Hakuuliza habari za angani, wengine walishamweleza.

"Nilisema asile nini?"

Dorika akamwambia.

"Ah, hiyo ni ya zamani, mama. Mwongozo ulibadilika miaka mingi iliyopita. Siku hizi wanakula. Tena wale vizuri, na usiku kabla ya kulala."

"Ulibadilika kabla hujatuambia au baada?"

"Kabla. Hata mimi nilikuwa sijaajiriwa."

"Kwa hiyo ulitupa mwiko uliokwisha kuoza."

"Ni mazoea ya kusema tu, mama. Na nyinyi mbona hamkuuliza?"

Dorika alikumbuka nusu yai. Mkono wake ulikuwa juu ya mpini wa mninga, na mpini ulikuwa umemzoea mkono ule miaka mingi. Ungekwenda popote ambapo mkono ungeupeleka. Daktari akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Sema umeuondoa," Dorika alisema.

"Nini?"

"Mwiko wako. Sema kwa mdomo wako kwamba umeuondoa."

"Sawa. Nimeuondoa. Mwingine aingie."

Dorika akatoka. Alifika kituo cha magari ndipo akakumbuka kwamba mwiko wake umebaki mezani. Hakurudi. Aliogopa mkono utaupeleka wapi akiushika tena.

Jioni ile Isaka alikula yai zima. Usiku akapewa uji wa maziwa, na tangu hapo kila usiku. Benson alipokuja na matenga yake alikuta mlango wa banda umefungwa, akaambiwa ajenge kwa mayai ya mwingine. Isaka alianza kushuka. Kwanza akawa anagusa vichwa vya alizeti, kisha paa la jiko, kisha watoto wakaweza kumkamata miguu. Alipofika kimo cha goti kutoka ardhini akagoma. Dorika aliongeza maharage, akaongeza samaki wa kukaanga, hakushuka tena. Ile nyama iliyoliwa miezi ile, mwili haukuirudisha yote. Mpaka leo anatembea hivyo, nyayo zake hazina vumbi, na siku za upepo anafungwa.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja, yeye mbele, mkewe nyuma na kamba. Uongozi wa hospitali ulikuwa umefanya maboresho. Pembeni mwa maegesho ya pikipiki vilisimikwa vigingi vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, na kibao: FUNGA MGONJWA WAKO HAPA. HOSPITALI HAIHUSIKI NA UPOTEVU. Vigingi karibu vyote vilikuwa na kamba. Juu, wagonjwa walikuwa wakijuliana hali, na upepo ukiwagonganisha waliombana radhi.

Dorika alimfunga Isaka, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Dirisha la Daktari Laurian lilikuwa wazi. Upepo ulikuwa ukilisukuma lijifunge, lakini lilizuiwa na mwiko wa mninga, mweusi kwa moshi, uliokingamishwa kwenye fremu. Ndani, daktari alikuwa akitafuta kitu kwenye droo.

"Chumvi apunguze," alikuwa akisema. "Nyama, mayai, maziwa, maharage, hivyo ni mwiko. Mwingine aingie."

Alitoka mwanamke wa makamo, kitenge kimemlegea, mkononi ameshika kamba mpya ya nailoni ambayo ncha yake ilipotelea juu ya paa la hospitali. Akatazama huku na huku, akamfuata Dorika.

"Shikamoo, mama. Naitwa Cecilia, nimetoka Mgori. Daktari ameniambia nikuone. Anasema kuna mama wa Mungaa anajua fundo lisilofunguka."

"Marahaba. Huko juu ni nani?"

"Mume wangu."

"Amekula?"

"Amekunywa chai ya rangi," Cecilia alisema.

Dorika akaingiza mkono kwenye kapu, akatoa yai la kuchemsha, akampa alishike. Kisha akakanyaga ardhi vizuri, akaanza kumvuta mume wa mtu ashuke.