Watu wa Ukurasa wa Tano

Jumamosi ya tatu ya kesi, saa nne asubuhi, Aoko alimwaga minji, njegere za maganda, kwenye karai na kulisukuma katikati ya meza. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama, na sasa alipatanisha majirani sebuleni mwake, mtaani Kayole. Sheria yake ilikuwa moja tu: wanaogombana waambue minji kutoka karai moja huku wakizungumza. Mikono ikishughulika, ulimi hupoa.

Kesi ilikuwa ya ukuta. Wehliye, mwenye duka la jumla, alikuwa amejenga ukuta mbele ya mlango wa Kavata, ikabaki nafasi ya kupita paka. Kavata alijipenyeza kiubavu. Mama yake, Nzisa, aliyepooza miguu, hakuwa ametoka nje tangu Pasaka. Jumamosi ya kwanza walitukanana. Ya pili, Wehliye aliuliza hali ya mgonjwa. Leo ilibaki kupanga siku ya kubomoa.

Kosa lilikuwa la Kavata. Siku ile ya kwanza, kwa hasira, alimwita Kyule, mwandishi wa gazeti aliyeimba naye kwaya. Kyule akawapiga picha wakikodoleana macho. Habari yenyewe ilitoka leo, ukurasa wa tano.

Kwa hiyo walipofika, walikuta viti vyao vimekaliwa. Picha zao zilikuwa zimetangulia: za karatasi, nyeusi na nyeupe, kimo cha mtu mzima, zikinukia wino. Mwanga wa dirishani ulipenya mashavuni mwao. Mgongoni mwa Kavata wa karatasi palikuwa na matokeo ya kandanda. Walipendeza mno. Aoko alivua miwani, akaifuta, na moyo wake ukanyenyekea kama siku ya kwanza alipomwona jaji na joho lake.

"Nyinyi ngojeni nje," aliwaambia wale wa damu na nyama. "Kesi imeshaanza."

"Lakini Kavata si ni mimi?"

"Najua, mama. Lakini huyu anajulikana mpaka mtaa wa Pipeline."

"Sitabomoa," ilisema picha ya Wehliye.

"Nitampeleka mahakamani mpaka afilisike," ilisema ya Kavata.

Hayo tu, tena na tena, maana ndiyo yaliyochapishwa. Picha hazikugusa minji, unyevu ungezilainisha vidole. Majirani walijaa mlangoni, wanaume wamevua kofia.

Nje, kwenye ngazi, Wehliye alikohoa. "Mama, mimi nilikuwa nimekubali."

"Hata mimi, Mzee. Nilishasahau habari ya Kyule."

Wehliye alikwenda kuchukua nyundo dukani. Akaupiga ukuta mpaka adhuhuri, shati likalowa. Haukutoa hata vumbi; gazeti lilikuwa limeshasema haubomolewi. Aliumia sana moyoni, na hakuficha.

Sasa kila Jumapili, kabla ya ibada, yeye hufunga duka na kushika mguu mmoja wa kiti cha Nzisa. Kavata hushika wa pili, majirani ile mingine, na Nzisa hupitishwa dirishani akiwa na nguo zake za kanisani.

"Polepole," huwaambia. "Msinikunje gauni."